Kichupa cha CD41 na kichupa cha CD42d: mwaka mzima benchini Kampala

Mwezi huu watu watatu wa maabara tofauti wameniuliza swali lile lile: nyinyi mnatumia kingamwili gani kushika chembe sahani za panya? Mmoja yuko Entebbe, mmoja Mbarara, mwingine Kisumu ng'ambo ya mpaka. Kila mmoja nimemwandikia ujumbe mrefu usiku, na kila mara asubuhi nikakumbuka jambo nililolisahau. Leo naandika yote mahali pamoja.

Nimezaliwa Busia upande wa Uganda, katika nyumba ambayo Kiswahili kilikuwa cha sokoni na cha mezani pia. Sasa ni fundi wa maabara. Benchi letu lina kaka mmoja wa Bunia na binti wa Mwanza anayesomea shahada ya uzamivu, kwa hiyo tunafanya kazi kwa Kiswahili kuanzia asubuhi hadi tunapozima taa. Tunachotafuta ni malaria inavyozifanya chembe sahani, zile ambazo wodini huitwa pleteleti. Mzazi yeyote aliyewahi kulaza mtoto mwenye malaria huenda alisikia daktari akisema zimeshuka. Sisi tunataka kujua zimekwenda wapi na zimegusa nini kabla ya kupotea, na jambo hilo huwezi kulifuatilia saa baada ya saa kwa mtoto mgonjwa. Tunatumia panya weusi wa ukoo wa C57BL/6 na vimelea vya Plasmodium berghei ANKA, ambavyo huwaletea panya hao malaria ya ubongo kati ya siku ya sita na ya kumi hivi. Spishi hiyo ya vimelea ilipatikana kwa panya wa porini Katanga mwaka 1948, na mwenzetu wa Bunia husema kila mara kwamba kazi hii imerudi nyumbani.

Basi vichupa vyenyewe, vyote viwili vya kingamwili iliyofungwa rangi inayong'aa kwenye mashine. Cha kwanza ni CD41, kloni MWReg30. Cha pili ni CD42d, kloni 1C2. Namba ya CD hutaja protini ya juu ya seli ambayo kingamwili huishika, na kloni ni jina la kingamwili yenyewe hasa. Nasisitiza jina la kloni kwa sababu namba ya CD peke yake haitoshi. Mwanzoni maabara jirani ilitupa kwa wema kichupa cha CD41 kilichobaki kwao. Tulipaka damu ya panya, tukaiingiza kwenye mashine (saitometa, inayopima seli moja moja kwa leza), hakuna kilichong'aa. Tulisafisha mirija, tukabadilisha bafa (maji ya chumvi ya kuchanganyia damu), tukapoteza siku mbili nzima, hadi nilipokisoma kichupa vizuri: kingamwili ile ilitengenezwa kwa ajili ya binadamu. Protini ni ile ile kwa jina, lakini ya panya ina sura yake. Kwa panya unahitaji kingamwili iliyotokana na mnyama mwingine aliyechanjwa kwa protini ya panya, kwa kuwa panya mwenyewe hashambulii cha kwake. MWReg30 ilitokana na panya wakubwa, wale ambao Waingereza huwatofautisha na panya wadogo, na 1C2 ilitokana na hamsta. Jambo hilo la asili lina maana pia unapochagua kingamwili ya kulinganishia, ile isiyolenga kitu chochote: ya MWReg30 iwe ya panya mkubwa, ya 1C2 iwe ya hamsta. Nimeona watu wakitumia moja kwa zote mbili halafu wanashangaa.

Naanza na MWReg30, kwa sababu ndiyo iliyonifunza kazi.

Chembe sahani ya panya ni ndogo kuliko ya binadamu, na panya ana nyingi mno, takriban milioni moja katika mikrolita moja ya damu, ilhali binadamu ana kati ya 150,000 na 450,000. Ukitazama kwenye skrini ya saitometa bila kingamwili, unaona wingu la nukta kwenye kona ya chini kushoto, na humo ndani mna kila kitu: chembe sahani, vumbi la bafa, vipande vya seli nyekundu, na kwa panya mwenye malaria mna vimelea vilivyopasua seli na kutoka. Vyote vina ukubwa unaokaribiana. Nilifundishwa kuchora duara kuzunguka wingu hilo na kusema, hizi ni chembe sahani. Kwa panya mzima unaweza kuponea hapo. Kwa panya wa siku ya sita, ambaye chembe sahani zake zimepungua na uchafu umeongezeka, duara lile linadanganya.

Ukiweka MWReg30, zile zenye CD41 zinajitenga kwenye grafu ya mwanga na kwenda juu kama mlima unaosimama peke yake, mweupe, wenye bonde safi katikati. CD41 ni nusu ya integrini αIIbβ3, protini ambayo chembe sahani huitumia kushika faibrinojeni (protini ya damu inayosaidia kuganda) ili zishikane zenyewe kwa zenyewe, na ziko kwa maelfu mengi juu ya kila chembe. Ndiyo sababu mwanga wake ni mkali hata kwa dozi ndogo. Siku hizi siiachi mashine iamue kwa ukubwa. Naiambia ianze kuhesabu pale rangi ya CD41 inapowaka, na bafa yote naichuja kwa kichujio cha mikromita 0.2 kabla sijaigusa. Mabadiliko hayo mawili yalisafisha skrini yetu kuliko kitu kingine chochote tulichowahi kununua.

Kuhusu dozi. Karatasi iliyokuja na kichupa chetu ilishauri mikrogramu 0.25 kwa kila mrija. Kichupa cha mikrogramu 100 kilitugharimu zaidi ya shilingi milioni moja hadi kufika mlangoni, kwa hiyo nilikaa Jumamosi nzima nikaipima kwa kupunguza nusu kwa nusu: 0.25, 0.125, 0.0625, 0.03. Kwa damu yetu, mlima ulibaki pale pale hadi 0.0625, na bonde likawa safi zaidi kwa sababu rangi ya ziada inayogandamana ovyo ilipungua. Kwenye 0.03 ndipo mlima ulianza kuteremka. Kichupa ambacho kingetosha mirija 400 sasa kinatosha 1,600. Usiige namba yangu, maana damu yako, mashine yako na idadi ya chembe kwenye mrija wako si sawa na vyangu, lakini Jumamosi hiyo moja itenge. Hakuna agizo la vifaa litakalokuokolea fedha kiasi hicho.

MWReg30 ina mambo mawili ya kuangalia. La kwanza, CD41 haipo kwenye chembe sahani pekee. Megakarayosaiti za uboho wa mifupa, zile seli kubwa zinazozaa chembe sahani, zinayo, na baadhi ya seli changa za damu kwenye uboho zinayo pia. Na kwenye damu ya panya mgonjwa utaona monosaiti (aina ya seli nyeupe) zenye CD41, ukifurahi upesi utaandika kwamba umegundua aina mpya ya seli. Ni monosaiti ya kawaida iliyobeba chembe sahani mgongoni. Sisi hicho ndicho tunachokitafuta, kwa hiyo kwetu ni habari njema, lakini asiyekuwa na habari atapotea.

La pili ni la watu wanaotaka kuondoa chembe sahani ndani ya panya. MWReg30 yenyewe ikichomwa kwa panya huziangusha chembe sahani, na kwa muda mrefu imetumika kuiga ule ugonjwa ambao mwili hushambulia chembe sahani zake. Ukifanya hivyo, usipime zilizobaki kwa kloni ile ile. Kingamwili uliyoichoma imeshakalia viti vyote, ya pili haina pa kukaa, na utadhani umeondoa zaidi ya ulivyoondoa.

Hapo ndipo 1C2 inapoingia.

CD42d ni glikoprotini V, mmoja wa washiriki wa kundi ambalo chembe sahani hutumia kukamata kuta za mishipa iliyojeruhiwa. Haizagai kama CD41. Ukiiona, unatazama chembe sahani au mama yake megakarayosaiti. Mwanga wa 1C2 kwetu ni hafifu kidogo kuliko wa MWReg30 na bonde si pana vile, ila kinachowaka pale juu nakiamini. Kwa miezi mitatu ya kwanza niliipenda kiasi cha kutaka tuiache MWReg30 kabisa tubaki na kichupa kimoja.

Kisha ikatokea siku ya trombini, kile kimeng'enya kinachogandisha damu.

Binti wa Mwanza alikuwa anajaribu kuziamsha chembe sahani ili aone CD62P ikitokea juu. CD62P hukaa ndani ya vifuko vya chembe iliyotulia, hutoka nje inapoamshwa, kwa hiyo ni kipimo kizuri cha kujua kama chembe ilishtuka. Mrija wa kwanza bila trombini, wa pili na trombini. CD62P ilipanda kama tulivyotarajia. CD41 nayo ikapanda kidogo, na hilo ni sawa, kwa kuwa chembe ina akiba ya integrini hiyo ndani. Lakini CD42d ilianguka. Haikupotea yote, ilishuka mlima mzima ukahamia kushoto karibu na bonde.

Akaniita, "Mama, njoo uone. Kichupa kimekufa."

Kaka wa Bunia akasema labda friji ilizimika usiku. Umeme ulikuwa umekatika kweli juzi yake. Nikaangalia karatasi ya joto la friji, haikupita nyuzi 8. Tukafungua kichupa kipya ambacho nilikuwa nimekificha kwa ajili ya mwisho wa mwaka, moyo ukiniuma. Matokeo yale yale: mrija uliotulia unang'aa, mrija wa trombini umeshuka. Nilikaa kwenye kiti cha mashine bila kusema kitu.

Daktari wetu alipofika saa nane mchana alitazama skrini, akauliza swali moja tu: "Trombini hukata nini?" Glikoprotini V ni mojawapo ya vitu ambavyo trombini hukata. Sehemu ya nje inakatwa na kuondoka. Kingamwili ilikuwa nzima kabisa, na ilikuwa inatueleza ukweli ambao hatukuwa tumeuuliza: kitu unachokitafuta kimeng'olewa kwenye chembe.

Tangu siku hiyo sikitaki kimoja bila kingine. MWReg30 inanionyesha chembe sahani iko wapi, hata ikiwa imeamshwa. 1C2 inanieleza yaliyoipata. Nikiona panya ambaye damu yake hatukuitia trombini, CD41 yake iko palepale na CD42d imeshuka, jambo la kwanza ninalolishuku ni mkono uliochukua damu. Sindano ilichelewa kwenye mshipa, damu ikaanza kuganda kabla haijachanganyika na sitreti, dawa ya kuizuia isigande. Nimewarudisha wanafunzi nyumba ya panya mara kadhaa kwa alama hiyo tu, na karibu kila mara mmoja alikiri kwamba alihangaika kumpata mshipa. Lakini ikiwa damu imechukuliwa vizuri na bado CD42d imeshuka kwa panya wa siku ya sita, hapo tunakaa chini na kuzungumza, kwa sababu huenda ni ugonjwa wenyewe unaosema. Kama ningekuwa na 1C2 peke yake, panya yule ningemwandika kuwa hana chembe sahani.

Utayarishaji wa damu hauna siri, ila una adabu. Tunachukua mikrolita chache, tunazichovya papo hapo kwenye bafa ya Tyrode yenye sitreti, tunapaka rangi kwa dakika 15 gizani kwa joto la chumba, tunaongeza bafa na kusoma ndani ya nusu saa. Sizungushi kwenye sentrifuji. Chembe sahani ikisukumwa chini ya mrija huamka na kushikana na jirani zake, na mashine itakusomea mafungu badala ya chembe. Vipokezi vya Fc naviziba kwanza ninapotafuta monosaiti, kwa maana hizo hushika kingamwili yoyote kwa mkia. EDTA, dawa nyingine ya kuzuia damu isigande, siipendi kwa kazi hii. Inafunga kalsiamu, na integrini αIIbβ3 imeshikamana kwa msaada wa kalsiamu.

Kwa hilo hilo la kalsiamu, neno fupi juu ya JON/A, ile kingamwili ya Emfret Analytics ya Ujerumani inayoshika αIIbβ3 iliyofunguka kwa kuamshwa. Ni nzuri sana. Inakuja tayari kwa kutumia, mikrolita 5 kwa mrija, hakuna hesabu. Lakini yetu ina rangi ya PE, na 1C2 tuliyonunua nayo ni PE, kwa hiyo haziwezi kukaa mrija mmoja. Kabla hujaagiza chochote, chora kwenye karatasi rangi zote za mradi wako na leza za mashine yako. Sisi tulichora baada ya kulipa.

Sasa la usafirishaji, ambalo bado linaniuma.

Kichupa kilichofuata cha 1C2 kilipitia kwa wakala mmoja hapa mjini. Mzigo ulifika Entebbe siku ya Alhamisi, karatasi za forodha zikakosa muhuri mmoja, ukalala hadi Jumatatu. Hadi hapo sina ugomvi na mtu, kasha lilikuwa na barafu ya kutosha na kingamwili hizi huvumilia siku chache. Kilichotokea baada ya hapo ndicho kilichotuumiza. Kijana wa wakala, kwa nia njema kabisa, aliona barafu imeanza kuyeyuka akakiweka kichupa kwenye friza. Kilipotufikia kwa boda kilikuwa jiwe. Kwenye kifuniko cha kasha pameandikwa wazi kisigandishwe. Rangi ya PE ni protini kubwa inayotokana na mwani, na ikigandishwa huvunjika, kingamwili inabaki inashika lakini haing'ai inavyopaswa.

Sikutaka kulalamika bila ushahidi. Nilichukua damu ya panya mmoja, nikaigawa mirija miwili, mmoja kwa mabaki ya kichupa cha zamani na mwingine kwa kilichogandishwa, dozi ile ile, siku ile ile, mashine ile ile. Cha zamani kilikuwa na mlima, kipya kilikuwa na kilima kilichokaribia kuzama bondeni. Nikapiga picha skrini, nikatuma. Jibu lilikuwa kwamba mzigo ulikabidhiwa na kusainiwa. Ni kweli, nilisaini, boda akiwa ananisubiri langoni na jua la saa saba. Kichupa kile kiligharimu sawa na mshahara wa mwezi wa kijana anayewalisha panya wetu. Kila nikikiona kwenye friji nakumbuka hivyo, na sijapata moyo wa kukitupa.

Kwa hiyo maabara inayoanza na ina fedha za kichupa kimoja tu, anza na MWReg30, rangi ya FITC. Ni imara, inang'aa, kampuni kadhaa zinaiuza, na FITC haina udhaifu ule wa PE mbele ya friza. Ikipatikana fedha ya pili, ongeza 1C2 kabla hujafikiria CD61. CD61, kloni 2C9.G2, tuliijaribu na haina kosa, ila ni nusu ya pili ya integrini ile ile na imo pia kwenye seli nyingine nyingi, kwa hiyo ilitueleza kwa bei mpya yale ambayo CD41 ilishatueleza. CD62P inunue wakati una swali la kuamka kwa chembe, si kabla.

Kichupa chetu cha sasa cha MWReg30 nilikifungua Februari na bado kina karibu nusu. Cha 1C2 nimeagiza wiki iliyopita, safari hii cha rangi ya APC ili kikae pamoja na JON/A. APC nayo haipatani na friza. Nimemwomba mzee anayeendesha gari la idara aende Entebbe mwenyewe na kasha letu, lenye barafu yetu na kipimajoto ndani, na amekubali kuondoka saa kumi na moja alfajiri kabla barabara haijajaa.